Bata ya Bwana Lelei

Nyinyi makedi wa siku hizi mna tabia moja. Mnanikuta hapa kwa benchi nyuma ya klabu ya gofu nikinywa chai yangu, mnaniwekea simu mbele ya macho. "Mzee Laini, hebu angalia hii pata. Inauzwa bei ya pikipiki mpya. Ni kweli inastahili?" Kabla nitoe miwani mfukoni, mchezaji ameita, simu imeondoka, begi limeondoka, nabaki nikijibu chai. Ndio maana nimeamua kuandika. Karatasi haikimbii.

Lakini mjue sikusoma sana. Wengine huwa wanasema waliacha shule. Mimi ni shule ndiyo iliniacha. Mkikuta neno limeandikwa vibaya, rukeni mwende mbele, nitakuwa nawangoja huko.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu shida yote ilitoka hapo. Pata ni ile fimbo fupi ya kusukuma mpira polepole kwa grini, ile nyasi iliyokatwa fupi sana, mpaka uingie shimoni. Waliotuletea huu mchezo wanaiita kwa namna yao, sisi tulisikia pata, na ikakaa vizuri mdomoni, maana ndiyo fimbo ya kupata. Zile zingine zote kwa begi ni za kutafuta.

Sasa sisi Wakalenjin wa huku juu, p na b kwetu ni mapacha. Mama yao anawajua, wageni wanawachanganya. Nikisema pata, wewe unasikia bata. Nikisema bata, yule wa maji, pengine unasikia pata. Nilibeba mabegi miaka mingi sana kabla mtu kuniambia kuna tofauti, na mpaka leo nikiambiwa niseme moja halafu ingine, mimi nasikia nimesema kitu kimoja mara mbili. Wekeni hiyo akilini.

Nilizaliwa Kaptagat. Mnajua Kaptagat, kila mtu huko anakimbia. Asubuhi ukitoka nje kwenda choo unapishana na vijana wanateremka kama maji. Na mimi nilijaribu. Nilikuwa nachoka kabla wengine kufunga viatu. Baba akaniangalia siku moja akasema, "Huyu apatiwe kazi ya kutembea." Hivyo ndivyo nilikuja kuwa kedi, mtu wa kubebea wachezaji begi.

Aliyenifundisha ni Mzee Okumu, mkubwa wa makedi wakati huo, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mpole, na mwenye matusi ya kuchekesha. Alinivua viatu siku ya kwanza. Akaniambia nitembee kwa grini miguu mitupu, macho nifunge. "Macho yatakudanganya," akasema. "Nyayo zina woga, zitakuambia mahali unaanguka." Na ni kweli. Mnainama siku hizi mnafunga jicho moja kama mtu anapima ukuta, na wengine mna mashine ya kuangalia. Sawa. Lakini jaribuni nyayo. Tena angalieni nyasi imelala upande gani: iking'aa, mpira unakwenda nayo na unateleza, ikiwa nyeusi, unapigana nayo, ongeza nguvu. Kwa hizo laini, yaani njia za mpira, ndiyo nikapewa jina Laini.

Kitu ambacho Mzee Okumu hakunifundisha ni kushoto na kulia. Sisi tulikuwa tunasema mahali. "Lenga Kaptagat kidogo." "Hapana, lenga stesheni." Wachezaji wa hapa walielewa wote. Siku moja nikapewa mgeni kutoka Nairobi, amebakisha mpira mmoja tu ashinde kikombe. Nikamwambia lenga Kaptagat. Akaniuliza, "Kaptagat iko wapi?" Nikamwonyesha na mdomo. Mgeni hakujua kusoma mdomo. Mpira ulikwenda upande wa Uganda. Kutoka hapo nikajifunza kushoto na kulia, na bado nikiwa na haraka nasema Kaptagat.

Pata yangu mwenyewe niliitengeneza na Mzee Okumu. Kichwa ni kipande cha jembe la trekta, shafti ni bomba la maji, na ya kushika tulifunga tyubu ya baiskeli. Fundi wa kuchomelea aliipinda kidogo kwa bahati mbaya, ikawa na tumbo, tukaiita Kijiko. Ninayo mpaka leo.

Sasa Bwana Lelei.

Alikuwa anauza mbolea na mbegu hapa mjini, nyumba yake iko Elgon View, geti nyeusi, maua mengi. Nilibeba begi lake mpaka nikastaafu. Mkalenjin mwenzangu, mtu mzuri, mkono wazi, na mpira wake mrefu ulikuwa unalia hewani kama ndege. Lakini akifika kwa grini anakuwa mtoto. Shida yake ilikuwa ndogo: alikuwa anainua kichwa kuangalia shimo kabla mpira kuondoka. Nilimwambia. Akasikiliza vizuri sana, akasema asante, halafu akaenda kununua pata ingine. Kila mpira ukikosa, kosa lilikuwa la pata. Zilijaa nyuma ya mlango wa stoo kama miavuli kanisani.

Halafu simu ikamwonyesha ile pata. Imetengenezwa huko ng'ambo na mzee mmoja, kwa mikono, chuma tupu bila kupakwa kitu juu, imepigwa muhuri wa namba chini, inakuja na cheti chake kimetiwa sahihi, na kofia ya ngozi yenye manyoya ndani kama ya mtoto mchanga. Watu wanazikusanya, akaniambia. Wanaziweka kwa kabati la kioo. Bei yake ilikuwa bei ya mtamba, hefa ya Friesian yenye mimba.

Najua ilikuwa bei ya hefa kwa sababu hiyo hefa ilikuwa na mwenyewe. Mke wake, Mwalimu Atieno, alikuwa amestaafu tu. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na kwa sherehe ya kumuaga, mbele ya Chebet, watoto wao wengine na pasta, Bwana Lelei alisimama akamwahidi ng'ombe wa maziwa. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akajenga boma la ng'ombe kesho yake, na saruji ikakauka, na kila asubuhi alikuwa anafagia boma ambalo halina kitu. Pesa ya hefa ilikuwa pale benki inangoja soko. Pesa ilikuwa moja, na Bwana Lelei akanunua pata nayo.

Kifurushi kilifika kwa ofisi ya mabasi. Akanituma mimi. "Laini, kaa nayo kwako Munyaka kidogo mpaka hewa itulie." Nilielewa. Nyumba yangu ni mahali pa mwisho mtu anaweza kutafuta kitu cha bei.

Jioni akanipigia. Alidhani Mwalimu yuko jikoni, akaweka simu kwa spika.

"Laini, bata imefika?"

"Imefika, bosi."

"Usiiwache nje. Unyevu utaiharibu."

"Iko ndani. Nimeilaza kitandani, nimeifunika blanketi."

Hapo nikasikia sauti ya mwanamke kwa umbali, pole kabisa, sauti ya mtu aliyezoea kuuliza watoto. "Baba Chebet, ni bata gani analala kitandani?"

Nikasikia Bwana Lelei anavuta kiti. Halafu akasema, "Ni zawadi, Mwalimu. Nilikuwa nakuficha. Nimekuanzishia mradi wa bata, kabla ng'ombe afike."

"Bata?"

"Bata."

"Wako wapi?"

"Kwa Mzee Laini."

Simu ikakatika. Baadaye kidogo akapiga tena, safari hii kutoka ndani ya gari, anaongea chini chini. "Laini, tafuta bata haraka. Mwalimu anakuja kesho kuwaona."

"Si nimeshakuambia iko kitandani, bosi."

"Bata ya kutembea."

Jirani yangu, Mama Wambui, anafuga bata. Nilimwendea asubuhi mapema kabla hajafungua kibanda.

"Mama Wambui, niazime bata."

"Za kufanyia nini?"

"Za kuonekana tu."

"Bata zangu zinaenda kuonekana na nani, Laini? Unaoa?"

Nikamwambia ni saa moja tu, zitarudi na shibe. Akanipa, lakini alinihesabia kwa sauti ili nisikie anajua idadi.

Gari ikaja. Mwalimu Atieno akashuka na gumboots miguuni, ana furaha, kilemba kipya, amebeba pumba ya mahindi kwa karai. Nikaona vile alikuwa na furaha na mimi mwenyewe nikatamani hao bata wangekuwa wake. Akawaangalia mmoja mmoja kama anaita majina asubuhi.

"Wamenona, Mzee Laini. Ni yupi huyo wa kulala kitandani?"

Nikaonyesha dume. "Huyu. Alikuwa na homa."

"Pole, baba," akamwambia dume.

Wakati huo Bwana Lelei ameingia nyumbani kwangu ati kutafuta maji ya kunywa. Alikuwa anataka kuiangalia ile pata yake. Hakuwa ameiona bado na macho, ni picha tu. Akaivua kofia, akaipapasa, akafikiri hapo ndipo apate nafasi ya kuiingiza kwa buti ya gari. Akatoka nayo nyuma ya mgongo. Na hapo hapo Mwalimu akageuka akasema, "Baba Chebet, leta ile katoni kubwa kwa gari. Tunaenda nao leo."

Bwana Lelei akaegemeza pata kwa mlango, kofia ikabaki mkononi.

Nikasema wapumzike kwanza, safari itawachosha. Mwalimu akasema kutoka Munyaka mpaka Elgon View hata bata mgonjwa anaweza kufika kwa miguu. Akainama kushika dume. Dume likapiga kelele, wengine wakatawanyika, mmoja chini ya gari, mmoja kwa sukuma wiki yangu, na kelele ikavuka fensi. Mama Wambui akatokea na kanga moja juu ya ingine.

"Laini, bata zangu zinawekwa kwa katoni ziende wapi?"

Hakungoja jibu. Aliona bata mmoja anaelekea barabarani, akanyakua fimbo iliyokuwa karibu, hapo mlangoni, akaanza kuwarudisha. Fimbo nzuri, inang'aa, namba chini. Akamgonga dume kidogo matakoni. Akamsukuma mwingine kwa tope.

Bwana Lelei aliruka kama mtu ameona moto. "Mama, hapana. Usiguze bata na bata."

Kila mtu alisimama. Nafikiri hata bata walisimama.

Mwalimu Atieno akamwangalia mume wake. "Umesema nini?"

"Nimesema asiguze bata na bata."

Mwalimu akaangalia bata. Akaangalia fimbo mkononi mwa Mama Wambui. Akaangalia kofia ya manyoya mkononi mwa mume wake. Mama aliyefundisha darasa la kwanza hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Pata," akasema. Na ile p yake ilitoka safi, ungeweza kuwasha kiberiti nayo. "Si bata. Pata. Nimefundisha watoto wa watu p na b miaka yote hiyo, na nyumbani nikashindwa na mwanafunzi mmoja."

Bwana Lelei akaniangalia. Mimi nikaangalia bata.

"Ilikuwa bei gani?"

"Ni ya maana, Mwalimu. Ni kitu ya kuweka, bei yake inapanda."

"Bei gani?"

"Hefa."

Mwalimu aliweka tu lile karai la pumba chini. Mama Wambui akaangalia fimbo aliyoshika, akampatia Bwana Lelei kwa mikono miwili, polepole, kama anarudisha mtoto wa mtu. "Baba, kama ungeniuliza," akasema, "ningekupa mpini wa jembe bure." Halafu akakusanya bata zake na miguu tu.

Mwalimu akafungua mlango wa gari. "Twende klabu. Mzee Laini, chukua yako ya bomba. Hii hefa tutaikamua leo tuone maziwa."

Njiani akatoa masharti, na sisi wanaume wawili tulikuwa tunaitikia kama watoto wa darasa la kwanza. Kila mtu anapiga mpira mmoja kwa grini ya mazoezi. Pata ya hefa ikishinda Kijiko, Bwana Lelei atakaa nayo, na Mwalimu atabomoa boma na hatasema neno tena. Ikishindwa, itauzwa, na pesa haitapita mkononi mwa mtu mwingine mpaka ng'ombe aingie getini. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini aliposema kubomoa boma aligeuka akaangalia nje.

Ilikuwa imenyesha usiku. Grini ilikuwa inang'aa maji. Makedi waliacha mabegi wakaja wakazunguka, wengine wachezaji wao wakiwaita hawasikii. Mimi nikaanza. Nikavua viatu, nikatembea laini yangu, nikaona itageuka Kaptagat kidogo. Nikapiga. Mpira ukaenda vizuri, ukapunguza mwendo, ukasimama kando ya shimo umbali wa kiganja. Umekosa. Makedi wakaguna. Mwalimu akafunga macho.

Kwa hivyo Bwana Lelei alihitaji tu kuingiza, au hata kukaribia kuliko mimi. Hata wewe ungeweza. Akaivua pata kofia. Akaipangusa na kitambaa, tope ya bata ikatoka. Akasimama, miguu sawa, mabega sawa. Na kichwa chini. Mara ya kwanza namwona hajainua kichwa. Nikajua Mwalimu amepoteza ng'ombe.

Lakini hakupiga. Kichwa kilikuwa chini kwa sababu alikuwa anaangalia nyasi.

Akainua pata, akaangalia uso wa chuma. Akaishusha. Akaiinua. Tone la maji lilikuwa limeshika chini, karibu na namba. Akalipangusa haraka. Akajaribu tena. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Laini, mpira ukiigonga, itaacha alama?"

"Itaacha, bosi. Ndiyo kazi yake."

Akafikiria. Halafu, jamani, akachukua kofia akaifunika. Akaifunga na kile kifungo chake.

"Nyasi imelowa," akasema. "Tutarudi ikikauka. Hii ni chuma tupu, ikiguza maji itashika kutu na thamani itaisha."

Mwalimu akamkaribia.

"Baba Chebet, kwa hivyo pesa ya ng'ombe wangu umenunulia bata isiyoguza maji?"

Yule kedi aliyekuwa karibu na bendera alianguka chini. Wengine wakashikana. Mimi nilijaribu kujizuia kwa heshima ya bosi, ikatokea puani. Na Bwana Lelei alisimama hapo na fimbo yake yenye kofia, akatuangalia, akaangalia mpira wake haujaguzwa, na akaanza kucheka polepole kama gari ya dizeli asubuhi ya baridi, mpaka akakaa chini kwa hiyo nyasi iliyolowa na suruali yake nzuri. Pata akaiinua juu isilowe. Mwalimu alijaribu kukasirika zaidi, akashindwa, akamwekea mkono kwa kichwa.

Asiyepiga ameshindwa, kwa hivyo pata iliuzwa. Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo swali lenu lilipo, na sitaki kuwapa jibu la kanisa. Mtu alitoka Nairobi, mwenye ugonjwa ule ule. Aliuliza kitu kimoja tu: "Imewahi kutumika?"

Bwana Lelei akamwangalia machoni. "Haijawahi kugonga mpira hata mmoja."

Ilikuwa kweli tupu. Imegonga bata, lakini hakuuliza bata. Akalipa ile bei yote na kitu kidogo juu. Mwalimu alikuwa ametayarisha hotuba ya kumaliza mambo, ikaharibika mdomoni. Akaniambia, "Mzee Laini, kama mambo ni hivi, si tungenunua mbili?"

Kwa hivyo mkiniuliza kama inastahili pesa, nawauliza, unataka kuifanyia nini? Kama unataka ikae kwa kioo ingoje mtu mwingine mwenye ugonjwa, inaweza kulipa, mimi nimeona. Lakini hiyo ni biashara kama ya ploti, na usinunue ploti na pesa ya ng'ombe wa mtu. Kama unataka mpira uingie, basi chukua yoyote ambayo hutalia ikianguka. Simama nayo, uone macho yako yako juu ya mpira. Ilaze sakafuni, uone shafti haijapinda. Ikiteleza mkononi, funga tyubu. Halafu vua viatu utembee. Na kichwa chini. Bwana Lelei mpaka leo anapiga na moja ya zile za nyuma ya mlango wa stoo, na bado anainua kichwa, na kila Jumamosi ananiuliza kama kosa ni la pata.

Hefa ilinunuliwa wiki ile ile, na ikazaa salama. Mwalimu mwenyewe aliipa jina. Ukipita Elgon View asubuhi, kwa ile geti nyeusi, utasikia mzee mwenye gumboots anaita, "Bata, bata, kuja," na wapita njia wanachungulia kwa fensi kutafuta bata. Anakuja ng'ombe mkubwa mweusi na mweupe, tumbo linabembea. Na kutoka dirisha la jikoni, bila hata kuangalia nje, utasikia Mwalimu:

"P, Baba Chebet. P."